Kalamu Inapogoma Mkononi mwa Askari

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuliona jambo hili kwa macho yako, au pengine limekufika wewe mwenyewe. Ni usiku wa manane katika kituo cha polisi. Taa ya chemli imewekwa juu ya meza, kwa kuwa umeme umekatika tangu magharibi. Sajini wa zamu ameketi mbele ya karatasi nyeupe. Jioni ile ile amewakabili wezi wanne wenye mapanga, wawili wakatoroka, wawili akawatia pingu pasipo kutetereka. Sasa, mbele ya karatasi isiyokuwa na panga wala rungu, jasho linamtoka. Ameandika tarehe. Ameandika jina la kituo. Kisha kalamu imesimama. Anaiweka chini, anakwenda mlangoni kuitazama mvua, anarudi, anairarua karatasi, anaanza upya: tarehe, jina la kituo, na hapo hapo kalamu inagoma tena.

Wenzake humcheka. Yafaa waache kucheka. Saa tatu asubuhi wale wawili watafikishwa mbele ya hakimu. Hakimu hakuwako gizani. Hana macho mengine ya kulionea tukio ila maandishi ya sajini. Taarifa ikiwa na mapengo, wakili wa washitakiwa ataingia penye pengo kama maji yaingiavyo katika mtumbwi uliotoboka, na mwizi atarudi mtaani akipiga mluzi. Tena liko jambo baya kuliko hilo. Taarifa iliyojazwa ovyo ovyo na mtu aliyechoka, anayetaka tu karatasi ijae, yaweza kumtia gerezani mtu ambaye kosa lake ni kupita njia ile saa ile. Kwa hiyo ugumu wa sajini si jambo la mzaha, wala si la mtu mmoja.

Yako mazoea ya kudhani kwamba kukauka kwa fikra ni maradhi ya washairi na watunzi wa riwaya peke yao, watu ambao, kama tusemavyo kambini, hawana kazi nyingine ya kufanya. Dhana hiyo haina msingi. Luteni aliyetakiwa atoe mpango wa doria ya siku tatu; mkufunzi anayetaka kuwafundisha makuruti somo lile lile la mwaka jana kwa njia isiyowatia usingizi; mpelelezi aliyelisoma jalada moja mara kumi asione pa kutokea; mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi aliyeagizwa atunge wimbo mpya wa gwaride kabla ya sikukuu ya Uhuru; hao wote wanafanya kazi ya kuleta duniani kitu ambacho hakikuwako. Na kila afanyaye kazi hiyo hukwama. Mimi ninayeandika makala haya, ambaye hulipwa mshahara kwa kuandika, nimepata kuukodolea macho ukurasa mtupu tangu chai ya asubuhi hadi wenzangu wakaenda kula chakula cha mchana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika jambo hili ni wa askari, tena askari mkubwa. Ulysses S. Grant alikuwa jemadari mkuu wa majeshi ya Serikali ya Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa tangu mwaka 1861 hadi 1865. Baadaye akawa Rais wa nchi hiyo kwa vipindi viwili, tangu 1869 hadi 1877. Tarehe 9 Aprili 1865, katika nyumba ya raia mmoja pale Appomattox, jimbo la Virginia, jemadari wa upande wa pili, Robert E. Lee, alikuja kukutana naye ili asalimu amri. Grant akaketi mezani kuandika masharti, na chumba kizima kikimtazama. Vita vya miaka minne, na watu mamia kwa maelfu waliokufa, vilikuwa vinangojea ncha ya kalamu yake. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba wakati ule hakuwa na neno la kwanza. Alikuwa na maana tu moyoni, na nia ya kuiweka bayana.

Akaanza hivyo hivyo. Alipokuwa akiendelea, akatazama upanga mzuri alioufunga Lee kiunoni, ikamjia fikra kwamba kuwavua maofisa walioshindwa panga zao ni kuwadhalilisha pasipo faida yoyote. Akaongeza sharti la kwamba maofisa wabaki na panga na bastola zao, na farasi wao, na mizigo yao. Fikra hiyo ilimjia kalamu ikiwa tayari inakwenda. Angalingoja masharti yote yakamilike kichwani kabla ya kuandika tarehe, nadhani sharti hilo lisingalipatikana kamwe. Na ndilo lililosaidia kuwarudisha walioshindwa makwao kwa amani.

Basi mtu huyo huyo, miaka kumi na tisa baadaye, alikwama.

Mwezi Mei 1884 mshirika wake katika biashara ya fedha mjini New York alimdanganya, kampuni yao ikaanguka kwa siku moja, na Grant akajikuta hana kitu, tena ana deni la dola 150,000 alizokopeshwa na tajiri William Vanderbilt. Katika siku zile marais wa Marekani waliostaafu hawakupewa pensheni, na ile ya jeshi alikuwa ameipoteza alipoacha jeshi ili ashike urais. Jarida moja la New York liitwalo Century likamwomba aandike makala juu ya vita alivyoviongoza, kwa malipo ya dola 500 kila makala. Kwa kuwa alihitaji fedha, alikubali. Makala ya kwanza ilihusu mapigano ya Shiloh ya tarehe 6 na 7 Aprili 1862, ambapo katika siku mbili tu, ukihesabu pande zote mbili, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walizidi 23,000.

Wahariri walipoifungua makala hiyo walishika tama. Mbele yao ilikuwa ni taarifa ya kijeshi: kikosi fulani kilihamia mahali fulani, kikosi kingine kikasogea ubavuni, saa kadhaa adui akarudi nyuma. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyeogopa, hakuna mvua iliyonyesha. Kila askari anayesoma ukurasa huu anaijua lugha hiyo. Sisi wenyewe hujificha nyuma yake. Ni lugha yenye manufaa yake, maana makao makuu hayataki kujua moyo wa koplo ulipiga mara ngapi. Lakini mtu akiizoea miaka ishirini, humfunga mdomo hata siku anayotakiwa kusema.

Mhariri mmoja, Robert Underwood Johnson, akafunga safari hadi Long Branch, mji wa pwani katika jimbo la New Jersey alikokuwa Grant wakati wa kiangazi. Angaliweza kumrudishia makala na barua ya masikitiko, mambo yakaishia hapo. Badala yake aliketi naye barazani, akamwomba amhadithie tu siku zile mbili zilivyokwenda. Mzee akaanza kusema. Naye hakuwa mtu wa maneno mengi mbele ya umati, lakini mbele ya mtu mmoja anayesikiliza kwa dhati alikuwa msimulizi wa ajabu. Mhariri akamwambia, kwa maana yake, kwamba hiki anachokisema sasa ndicho kinachotakiwa: aandike alichokiona, alichokifikiri na alichokitenda, kana kwamba anawaeleza rafiki zake baada ya chakula cha jioni.

Grant akaichukua makala yake, akaiandika upya. Katika kitabu kilichotokana na kazi hiyo tunasoma juu ya usiku ule wa kwanza wa Shiloh. Siku chache kabla ya mapigano farasi alikuwa ameanguka naye, na kifundo cha mguu wake kilikuwa kimevimba. Alijilaza chini ya mti, mvua ikimnyeshea, maumivu yakimnyima usingizi. Usiku wa manane akajikokota hadi nyumba ya magogo iliyokuwa karibu ajikinge. Lakini nyumba ile ilikuwa imegeuzwa hospitali. Humo waganga walikuwa wakikata miguu na mikono ya majeruhi. Jemadari aliyestahimili risasi mchana kutwa hakuweza kustahimili tazamio lile. Akarudi mvuani, chini ya mti wake. Katika taarifa rasmi habari kama hiyo haina pa kukaa. Hata hivyo, nani aliyevaa magwanda ambaye hataielewa?

Tangu hapo kalamu haikugoma tena, ingawa sababu za kugoma ziliongezeka. Mwaka ule ule wa 1884, kabla haujaisha, madaktari walimwambia kwamba maumivu ya koo aliyokuwa nayo ni saratani. Akaamua kuandika kitabu kizima ili mkewe Julia asibaki ombaomba. Mark Twain, mwandishi mashuhuri aliyekuwa na nyumba yake ya uchapishaji, alimpa mkataba wenye asilimia 70 ya faida. Grant aliandika kila siku maumivu yalipomruhusu. Mkono ulipochoka, alisema na karani akanakili. Sauti ilipokatika, akashika tena penseli. Mwanawe Frederick alimsaidia kuhakiki majina na tarehe. Mwezi Juni 1885 alipelekwa Mount McGregor, mlimani katika jimbo la New York, akatafute hewa baridi, na huko alilala akiwa ameketi, juu ya viti viwili vya ngozi vilivyoelekezana, kwa sababu akilala chali alihisi kukabwa. Madaktari wake alizungumza nao kwa vipande vya karatasi. Kitabu kilimalizika katikati ya mwezi Julai, na tarehe 23 ya mwezi huo Grant alifariki dunia. Majuzuu mawili, zaidi ya kurasa 1,200, kwa muda usiotimia mwaka. Ziliuzwa nakala zaidi ya 300,000, na mjane wake alipokea takriban dola 450,000.

Sasa, sisemi kwamba kila koplo ataandika kitabu. Ninachotaka kukitoa katika habari hii ni ule ukumbi wa Long Branch. Aliyekwama hakuwa amepungukiwa na habari. Alikuwa na habari nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Wala hakupungukiwa na akili. Kilichomkwamisha ni kwamba alipoketi kuandika alijigeuza mtu mwingine, mtu wa ofisini, na mtu huyo hakuwako Shiloh. Alipopata msikilizaji, yule aliyekuwako alirudi.

Hapa kwetu Uganda jambo hili lina uzito wa pekee, nami sitalipita upesi. Askari wetu ana lugha ya mama aliyonyonya nayo. Kambini huamrishwa, hutaniana na huimba kwa Kiswahili, kama walivyofanya waliomtangulia tangu enzi za King's African Rifles. Na mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini akifika mezani, mara nyingi hutakiwa aandike kwa Kiingereza. Basi ubongo wake hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kutafuta kilichotokea, na kutafuta neno la kigeni la kukibeba. Hapo ndipo wengi huonekana wajinga, na si wajinga. Wakubwa waliowahi kukaa na askari wakongwe wanajua kwamba mtu yule yule ambaye taarifa yake ina mistari mitano mikavu, ukimwita kando ukamwambia, "Mzee, hebu nieleze kwa Kiswahili," atakupa mambo ya kujaza daftari. Ushauri wangu ni huu: andika kwanza kwa lugha uliyoliona nayo tukio, hata kama ni maneno mafupi yasiyopangika, upande mmoja wa karatasi. Kiingereza kije baadaye, mambo yakiwa yamekwisha kutua. Kufanya kazi moja baada ya nyingine si uvivu. Hata bunduki haisafishwi huku inapigwa.

Wako watu wanaosema kwamba dawa ya kukwama ni nidhamu tu, na kwa mfano wao humtaja Mwingereza Anthony Trollope. Huyu alikuwa mtumishi wa Posta tangu mwaka 1834 hadi 1867, akizunguka kukagua njia za barua, na pamoja na kazi hiyo aliandika riwaya 47. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Alipokuwa safarini kikazi aliandika ndani ya garimoshi, juu ya ubao aliouweka magotini. Mtu wa namna hiyo angaliweza kuwa sajini meja mzuri sana. Nakubali kwamba mazoea ya saa ile ile na mahali pale pale huufundisha ubongo kuamka, kama vile mwili unavyoamka kwa parapanda ya alfajiri hata siku ya mapumziko. Lakini wanaomsifu husahau kutaja kwamba alikuwa na mtumishi mzee ambaye alimlipa paundi 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Askari aliyetoka lindo la usiku saa kumi na mbili, ambaye watoto watano wanalala katika chumba kile kile, anahitaji mpango mwingine. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali ya kikoloni katika Tanganyika kwa miaka mingi, aliandika mashairi na vitabu vyake katika saa zilizobaki baada ya ofisi ya mkoloni kuchukua zake. Na hizo zilizobaki, kila mwajiriwa anajua, si nyingi.

Tena kuna kukwama ambako nidhamu haikugusi, kwa kuwa chanzo chake ni aibu. Sergei Rachmaninoff alikuwa kijana mtunzi wa muziki wa Kirusi. Mwaka 1897 simfoni yake ya kwanza ilipigwa mjini St Petersburg, ikapigwa vibaya, na mhakiki mmoja, César Cui, akaiponda magazetini kwa maneno makali mno. Kijana akavunjika. Kwa muda wa takriban miaka mitatu hakutunga jambo la maana. Mikono ilikuwa mizima, piano ilikuwako, na elimu yake haikuwa imepungua. Mwanzoni mwa mwaka 1900 ndugu zake walimpeleka kwa daktari wa Moscow, Nikolai Dahl, ambaye naye alikuwa mpenda muziki. Daktari huyo alimpokea kila siku kwa miezi kadhaa, akizungumza naye na kumtuliza, akimrudishia imani kwamba ataanza kutunga, na kwamba kazi itakwenda vizuri. Kabla ya mwaka kwisha sehemu mbili za kazi mpya zilipigwa hadharani. Mwaka 1901 ilipigwa yote. Ni tamasha lake la pili la piano, ambalo hadi leo hupigwa duniani kote, na kwenye ukurasa wake wa kwanza limetunukiwa Dokta Dahl.

Habari hii naielekeza kwa wakubwa zaidi kuliko kwa wadogo. Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, nilishuhudia zamani ofisa akiisoma kwa sauti taarifa ya konstebo mgeni mbele ya paredi ya asubuhi, akiigiza makosa yake ya lugha, watu wakacheka hadi machozi yakawatoka. Kisha akaichana vipande viwili. Ofisa yule hakuwa mtu mbaya, alidhani anafundisha. Lakini konstebo, ambaye macho yake yalikuwa makali kuliko ya wote katika kituo kile, tangu siku hiyo aliandika taarifa za mistari mitatu. Hakukosea tena, kwa sababu hakusema tena kitu. Afande, mtu wako akikuletea karatasi mbaya, msahihishe faraghani, umwonyeshe mahali pamoja palipo pazuri kabla ya kumwonyesha kumi pabaya. Serikali imelipa fedha nyingi kuyafundisha macho yake. Usiyafumbe kwa kicheko cha dakika tano.

Kuhusu mpelelezi aliyelisoma jalada mara kumi, yeye namwachia Mfaransa Henri Poincaré, mwanahisabati aliyejichunguza mwenyewe jinsi anavyofikiri, akalieleza jambo hilo katika mhadhara alioutoa Paris mwaka 1908. Alisimulia kwamba alipokuwa kijana alipambana na swali moja siku kumi na tano, kila siku akiketi mezani na kujaribu njia nyingi bila kufika popote. Baadaye, kazi ikiwa bado haijakamilika, akaenda safari. Walipofika Coutances, alipokanyaga tu ngazi ya gari la abiria, jibu likamjia lote kwa mkupuo, wala hakuwa akilifikiria. Mara nyingine alikwama tena, na wakati huo akaitwa kwenda Mont-Valérien kutumikia jeshi kama kila raia. Huko shughuli zilikuwa nyingine kabisa. Siku moja akipita barabarani, kizuizi kilichokuwa kimemshinda kikafumbuka. Hakukimbilia karatasi, alilihifadhi kichwani, akaja kulifanyia kazi alipomaliza utumishi wake.

Naona wavivu wanatabasamu: kumbe dawa ni kwenda matembezi! Sivyo, na Poincaré mwenyewe alilisisitiza hilo. Jibu la ngazini lilitanguliwa na siku nyingi za jasho lililoonekana kupotea bure. Aliyeketi na jalada, akazipima njia zote, akajua kwa hakika ni swali gani linalomshinda, huyo akitoka kwenda kucheza mpira au kulima bustani yake, kuna kitu ndani ya kichwa chake kinachoendelea kulinda zamu. Ambaye hakulifungua jalada hata mara moja hana kilichobaki lindoni. Na pombe si mapumziko ya aina hiyo. Wapo wanaoapa kwamba waragi hufungua mawazo. Hufungua mdomo, jambo ambalo ni tofauti, na asubuhi inayofuata huwa imefunga vyote viwili.

Liko neno moja zito la kusema kabla ya kumrudia sajini wetu. Kuna askari ambaye haandiki kwa sababu alichotakiwa akiandike hakiandikiki: ajali ya basi aliyookota vipande vyake kwa mikono, rafiki aliyefia mapajani mwake. Akishika kalamu tukio linamrudia zima zima, na harufu yake. Huyo hakukwama kama Grant au Poincaré. Ameumia, na jeraha lake halionekani kwa nje. Asilazimishwe kukaa peke yake usiku na karatasi. Mwenzake achukue maelezo kwa mdomo, kidogo kidogo, na mkubwa wake ampeleke kwa daktari kama vile angalimpeleka mwenye risasi pajani. Katika vyombo vyetu zamani mtu wa namna hii aliitwa mwoga. Tiba ya leo inajua vizuri zaidi, na kwa kweli Grant aliyerudi mvuani kuikimbia nyumba ile ya majeruhi angaliweza kutuambia.

Sajini wetu wa usiku hakuwa na jeraha la namna hiyo. Saa tisa hivi aliingia mkaguzi wake, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akakuta sakafu imetapakaa karatasi. Hakufoka. Alimimina chai ya rangi katika vikombe viwili, akavuta benchi, akasema: "Ndugu yangu, acha hiyo kalamu. Ulikuwa umesimama wapi uliposikia mbwa anabweka?" Sajini akasema alikuwa kwenye kichochoro nyuma ya kinu. Mkaguzi akauliza kulikuwa na mwanga gani. Sajini akasema mwanga wa duka la jirani, taa ya mkono, mwenye duka akihesabu fedha. Yule aliyekuja mbele alishika panga kwa mkono gani? Wa kushoto. Na mlio wa miguu? Sajini akanyamaza. Akafumba macho. Kisha akasema polepole kwamba mmoja wa wale waliotoroka alikuwa akikimbia kwa mlio usio sawa, mguu mmoja ukipiga lami kwa kishindo na mwingine kimya, kama mtu aliyevaa kiatu upande mmoja.

Mkaguzi akamsukumia kalamu. "Anzia kwenye kichochoro," akamwambia. "Tarehe tutaitia mwishoni."

Alfajiri taarifa ilikuwa na kurasa tatu na nusu. Kulipopambazuka konstebo wawili walitumwa nyuma ya kinu, wakashuka mtaroni, na katika matope, chini ya ganda la ndizi, wakakiokota kiatu cha kulia, cha mpira, kilichokatika kamba.